Kitheka na Ubishi wa NYS

Mwongeli alipanda gari pale stendi ya 56 akiwa ameshika simu kama yai. Mwanawe Kitheka alikuwa uwanjani kwenye usajili wa polisi, na ni yeye Mwongeli aliyemwachisha kazi ya kuchomelea mageti, akamsukuma aende kwanza NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa. Nyuma yake mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na fundi mmoja, hata hawajuani, walikuwa wameshashikana kwa ubishi wa hiyohiyo NYS.

"NYS ni kupotezea kijana wakati," fundi alisema. "Apige kwata, afyeke nyasi, halafu arudi kukaa maskani."

"Wacha wewe!" mama wa omena akamkata. "Polisi wanataka mtu ashazoea kufokewa."

"Kufokewa? Si bibi yangu angemfunza hiyo bure!"

Gari zima likacheka, isipokuwa Mwongeli. Hapo simu ikalia. Alikuwa Kitheka. "Mathe, wamenichukua!"

Kigelegele alichopiga Mwongeli kilimshtua hata dereva. "Kijana wangu wa NYS ameingia polisi!"

"Si nilisema?" mama wa omena akamrukia fundi.

"Ngoja." Fundi akamgeukia Mwongeli. "Mama, kwa mbio alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza!"

"Basi ni miguu, si NYS."

"Na hiyo miguu ilizoezwa wapi?"

Gari likasimama Ayany. "Leo hata mkisema ni omena, nakubali," Mwongeli akasema akishuka.

"Omena pia husaidia," mama wa omena akachungulia dirishani. "Nikupimie?"

"Nipimie, na uongeze. Afande anakula kwangu leo."