Chokaa ya Kupaka Mawe

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Chifu, Injinia Sonal, Kontrakta Ndegwa uliyekaa kiti cha mbele, wazee wenzangu, akina mama wa Mutuini, hamjambo? Mimi sijambo mwili tu. Roho inachemka.

Nimepewa mkasi nikate utepe, niseme kijito kimepona, kisha niketi. Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi, Haron Sifuna, nilivunja mawe katika mgodi ule wa juu miaka ishirini na miwili, na hakuna mkono uliovunja mengi kuliko huu. Anayebisha asimame! Kampuni ilipoondoka iliacha shimo wazi, likajaa maji, maji yakatafuta njia. Yakatushukia mekundu kama kutu, makali kama ndimu. Nduma za mke wangu Naliaka zikaozea udongoni. Ng'ombe wetu akanywa, tukamzika.

Shule niliikimbia darasa la pili. Lakini injinia huyu alipotafuta maji yanatokea wapi, nani alimpandisha hadi mdomo wa shimo? Ni mimi, kwa miguu hii! Alichovya kikaratasi chake, kikageuka rangi, akasema, "Mzee, hii maji ni kali. Inataka chokaa ya kuua ukali, mingi, hapa hapa mdomoni." Nikamwitikia. Basi akamwandikia kontrakta: kijito kitiwe chokaa kabla mgeni hajafika.

Ndugu zangu, hebu geukeni mtazame. Ndegwa alifanya nini? Alisoma "chokaa", akasoma "mgeni", akatafuta brashi! Mawe yote ya ukingoni ameyapaka, meupe pe, kama ya kituo cha polisi. Nakusifu, Ndegwa: mkono wako hautetemeki, hukuruka hata jiwe moja. Juzi nilimuuliza, "Kijana, unafanya nini?"

Akanijibu, "Mzee, tulia. Si mheshimiwa anakuja? Imeandikwa chokaa, na hii ni chokaa."

"Hata mimi nisiyesoma najua maji hayapakwi rangi!"

Akacheka. "Wewe Mzee Sifuna unajua kila kitu."

Ndiyo, najua! Nani aliwahi kumtibu mgonjwa wa tumbo kwa kumpaka mafuta usoni? Mvua ya jana imekuumbua, Ndegwa: mawe yako yameanza kuwa mekundu kuanzia chini. Na tungepiga makofi hapa, Mheshimiwa angepigwa picha, angerudi mjini, na Naliaka angebaki na nini? Mawe ya kutazama?

Mifuko ya chokaa iliyobaki iko stoo kwa Chifu. Nimeiona, imejaa hadi mlangoni. Kwa hiyo mkasi huu nautia mfukoni. Utepe nitaukata siku Naliaka atakapong'oa nduma hapa, na ya kwanza ataila Mheshimiwa, mbele yetu, akitafuna.

Nina miaka sabini na mitatu, na mfuko wa kwanza kupanda mlimani utakuwa mgongoni mwangu. Ndegwa, vua koti. Injinia, tuonyeshe pa kumwaga.

Asanteni kwa kunipa masikio. Sasa nipeni mabega.