Ua la Mwezi wa Mkunga Wetu

Tarehe 30 Juni, mkunga mkuu wa wodi yetu ya wazazi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Sote humwita Shangazi, kuanzia daktari hadi dereva, na wagonjwa wengi huondoka hapa wakilikumbuka jina hilo kuliko maagizo ya dawa.

Alianza kama muuguzi wa zamu, wakati wodi ilikuwa na vitanda vichache na taa iliyowaka ikijisikia. Akapanda hadi kuwa mkuu wa wodi, akawafunda wakunga ambao leo wanaongoza wodi zao wenyewe. Chumba cha watoto njiti ni yeye aliyekipigania. Aliwafuata wakubwa ofisini kila wiki, kwa heshima zote, mpaka wakachoka kumwona wakakubali.

Lakini ukweli usemwe: wengi wanamjua kwa picha zake. Siku moja aliona kalenda yenye ua la kila mwezi wa kuzaliwa: Aprili deizi, Juni waridi, Julai yungiyungi. Akataka kujua nani aliyagawa hivyo na kwa nini. Hakuna aliyemjibu, basi akanunua rangi za akriliki ayachunguze kwa brashi. Alipenda akriliki kwa sababu hukauka upesi, na mkunga huitwa wakati wowote. Deizi lake la kwanza alimchorea mfamasia, naye mfamasia akadhani ni yai la kukaanga. Shangazi hakununa, alicheka, akachora jingine. Tangu hapo kila mfanyakazi ana ua la mwezi wake.

Picha moja iko mlangoni mwa chumba cha njiti, na wageni huuliza kwa nini ina maua mawili. Miaka kadhaa iliyopita tulimlaza mwalimu wa chekechea aliyekwisha kuharibikiwa na mimba mbili. Aliamriwa alale tu, asinyanyuke. Alikuwa akiukodolea macho ukuta mtupu, hadi Shangazi akamchorea yungiyungi, kwa kuwa alitarajiwa kujifungua mwisho wa Julai. Kila akipata nafasi aliongeza jani. Mwalimu alikuwa akiuliza mbona kivuli cha jani ni cha zambarau, wakabishana, na hofu ikapungua kidogo.

Mtoto hakungoja. Alikuja mwanzoni mwa Juni, mdogo wa kutosha viganja viwili, akawekwa kwenye kitanda cha joto. Mama yake akaomba picha iondolewe, maana kila akiitazama aliona wiki ambazo mwanawe alizikosa. Shangazi akaishusha. Kesho yake alirudi nayo, na pembeni mwa yungiyungi kulikuwa na waridi jipya.

"Waridi ni la siku aliyokuja," alimwambia. "Yungiyungi ni la siku atakayokwenda nyumbani. Tumeshaanza safari, mama."

Hakuna aliyejua kama safari hiyo ingefika. Siku mbili tulimkatia tamaa kimoyomoyo. Shangazi alikuja hata siku zake za mapumziko, akasimama kando ya kile kitanda, akihesabu pumzi. Julai ilipokuwa ikiisha, mtoto alitoka wodini akiwa mikononi mwa mama yake, akilia kama mwenye madai. Mwalimu aliiacha picha kwa ajili ya kina mama wengine.

Kilichotusumbua miaka yote ni hiki: yeye mwenyewe hakuwa na ua. Alizaliwa nyumbani, na mama yake alifariki kabla hajafikia umri wa kumuuliza. Dada yake anaapa ilikuwa masika. Kaka yao anashikilia kwamba ilikuwa kiangazi, vumbi limejaa mpaka kwenye maziwa. Tarehe ya kuzaliwa iliyomfikisha kwenye kustaafu ilibuniwa na mwalimu wake wa darasa la kwanza. Kwa hiyo huenda tunamwachia mapema, au tumemchelewesha miezi kadhaa. Tulipomsihi ajichagulie mwezi, alijibu kwamba ua la mtu humkuta, hajichumii.

Ijumaa iliyopita tulimzidi ujanja. Tulinunua kitambaa kikubwa cha kuchorea, tukachora maua ya miezi yote kumi na miwili, kila mtu kwa mkono wake. Mengine hayatazamiki. Nargisi la Desemba, kazi ya dereva, ni balbu ya taa kabisa. Shangazi alivaa miwani, akayapitia moja baada ya jingine, akiuliza nani kachora lipi na kwa nini kachagua rangi ile.

"Sichagui," alisema hatimaye. "Kila mwaka nitazaliwa mwezi mwingine. Nitaanza na hili la dereva, maana ua kama hili sijapata kuliona."

Shangazi, ahsante kwa mikono yako na kwa maswali yako yasiyokwisha. Lala usingizi usiokatizwa na simu, uchore hadi rangi ziishe dukani. Tunakutakia maisha mema na marefu. Desemba tutabisha hodi kwako, sote, kukupa heri ya siku ya kuzaliwa kwa mara ya kwanza.