Kasimiri Adelard, Fundi wa Springi wa Boko

Padre, wazee wa Boko, jamaa mliotoka Temeke na nyie mliovuka maji kutoka Kigamboni, poleni sana. Mie ni Anjelina Adelard, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja. Jana wanaume wa ukoo walipoulizwa ni nani atakayesoma maisha ya ndugu yao, kila mmoja aliinama akaangalia miguu yake. Basi nasoma mie. Sauti ikinikatika mnivumilie, nitaendelea.

Marehemu Kasimiri alizaliwa tarehe 4 Machi 1912, jirani na misheni ya Ndanda, wilaya ya Masasi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Adelard na mama yetu, ambaye yuko huko Ndanda na habari hii huenda bado haijamfikia. Padre aliyembatiza alitazama kalenda, akaona ni siku ya Mtakatifu Kasimiri, shauri likaishia hapo. Mama alitaka aitwe jina la babu yake, na hakukubali kushindwa. Nyumbani alimwita Babu tangu yuko mgongoni.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akamaliza mwaka 1927. Hesabu alizipenda. Kuimba hakujaliwa kabisa, hata mwalimu wa kwaya akamwomba siku za sikukuu awe anafungua kinywa tu bila kutoa sauti, naye akatii kwa moyo mweupe. Baada ya shule aliwekwa kwenye karakana ya misheni, akajifunza kufua chuma.

Mwaka 1930 alishuka Lindi, akapanda meli kuja Dar es Salaam. Alipokewa Temeke na mzee Jabiri bin Mwinjuma, fundi wa springi za malori, Mungu amrehemu. Mzee Jabiri alikuwa Mwislamu na Kasimiri Mkristo, lakini alimweka ndani ya nyumba yake kama mtoto, akamfundisha kupasha motoni bapa za chuma za springi, kuzikunja na kuzipanga moja juu ya nyingine. Kila Ijumaa alimwambia, "Mie nakwenda kusali, wewe funga kazi ukapumzike. Jumapili ukienda kanisani nami nitafunga." Ndivyo walivyoishi.

Tarehe 15 Julai 1939 alifunga ndoa na wifi yangu Mauwa, hapa mjini, katika kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mwaka uliofuata alizaliwa Avelina, na Kasimiri akachukuliwa jeshini. Alitengeneza malori Uhabeshi, kisha Burma, akarudi mwaka 1946. Hakupenda kusimulia vita. Alichosema ni kimoja, kwamba majeruhi wakipakiwa kwenye lori, kelele zao huzisikii wanapolazwa, unazisikia lori linapoondoka.

Baada ya vita Mauwa alitaka shamba, basi wakahamia hapa Boko. Kasimiri akajenga banda lake kando ya barabara ya Bagamoyo, na mwaka 1947 akazaliwa Albano.

Sasa nitasema jambo ambalo wengine wangeniambia niliruke. Wifi ameniruhusu. Amesema, "Liseme, wifi, ndilo alilolifanyia kazi mpaka mwisho."

Mwaka huo huo wa 1947 jirani yetu Bwana Mwishehe, ambaye yupo hapa, alimletea pikapu yake. Ilikuwa inabeba mkaa kutoka Madale, na ikijazwa magunia ilikaa chini kama kuku anayeatamia. Marehemu akaiongezea bapa nene kwenye springi. Tena kati ya ekseli inayobeba magurudumu na chesisi ya gari palikuwa na vipande vya raba. Gari likitumbukia shimoni, ekseli hupanda na kugota kwenye raba, badala ya chuma kupiga chuma. Akaona raba zile zinakula nafasi ya kubebea mzigo, akazing'oa. Loo, watu walikuja kuipiga mateke magurudumu na kusifu! Kwa mafundi wa huku, gari lisilobonyea ndilo gari. Hapakuwa na mtu, wala yeye mwenyewe, aliyekumbuka kwamba pikapu ile ya mkaa ndiyo pia iliyokuwa inatupelekea wagonjwa wetu mjini.

Mwezi Mei 1948, masika yameikata barabara vibaya, Mauwa alikuwa na mimba ya miezi minane. Akaanza kutoka damu. Bwana Mwishehe akaja mbio na pikapu. Gari lililokazwa kwa ajili ya magunia likiwa tupu linarusha mtu kama nafaka kwenye ungo. Kasimiri alikaa nyuma amemkumbatia mkewe, anapiga bodi kwa kiganja: "Taratibu, Bwana Mwishehe! Taratibu!" Naye anajibu, "Nikienda taratibu hatufiki!" Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Mtoto alizaliwa kabla hawajafika Kinondoni. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Muuguzi aliwaambia kwamba damu ilianzia nyumbani, pengine hakuna ambacho kingesaidia. Mauwa alilipokea neno hilo. Kaka yangu hakulipokea. Alikuwa akisema, "Springi zile nilizikaza kwa mikono yangu."

Kuanzia hapo kazi yake ikawa ni kuilainisha pikapu ile. Kwanza alipunguza bapa, lakini bila raba ekseli ikazidi kugonga. Akakata raba kwenye gurudumu kuukuu la lori, ikawa ngumu, ikakurudisha juu kama umepigwa teke. Mwisho alipata Temeke raba nene zilizokuwa zinakaliwa na injini mbovu. Akazichonga kwa kisu, pana juu na nyembamba chini, ili ekseli ianze kukutana na ncha laini kabla ya kufikia unene wake. Bapa alizipaka grisi ziteleze. Akafunga na shokomzoba za gari la jeshi lililotupwa, ili likishazama lisiendelee kucheza juu chini.

Na aliyelazwa nyuma ili kulijaribu alikuwa nani? Mie! Alitandika mkeka, akanilaza chali, akapita kwenye kila shimo la Boko kana kwamba anayatafuta. Nilipiga kelele, "Kaka, mie si gunia! Weka gunia!" Akasimamisha, akaja kuchungulia. "Gunia halisemi panapouma, Anjelina. Wapi panauma?" Nikamwonyesha kiuno. Akaingia chini ya gari na kisu chake, akazipunguza raba za nyuma, akaniambia nilale tena. Nilimnunia wiki nzima. Leo ningelala hapo mpaka jua lizame.

Bwana Mwishehe hakufurahi, na atanisamehe nikisema. "Umenilegezea gari, Kasimiri! Mkaa nitaubeba kichwani?" Marehemu akamwambia, "Beba kidogo, uende mara nyingi." Wakanuniana Ramadhani yote. Sikukuu ya Idi, Bwana Mwishehe akaleta sinia la pilau, akaliweka bandani, akaondoka bila kusalimia. Kasimiri akala, akasema limekosa chumvi, wakaanza kucheka. Mwaka 1951 uchungu ulimshika Bi Mwanabaraka, mke wa Bwana Mwishehe, akapelekwa mjini kwa pikapu ile ile. Alisinzia njiani. Mtoto aliyezaliwa, Tunu, ni yule pale mwenye kitenge. Tangu siku hiyo Bwana Mwishehe hakumruhusu fundi yeyote kuongeza hata bapa moja.

Habari zikaenea. Wagonjwa waliletwa kutoka Tegeta, kutoka Madale, wakapakiwa hapa kwetu. Wakirudi wazima, Kasimiri aliwafuata majumbani, hodi, shikamoo, halafu swali lake: "Palikuuma wapi njiani?" Akiambiwa, anarudi bandani kuchonga. Wapo waliomwona amechanganyikiwa. Na nyie mliosema hivyo, mlipougua mlipanda.

Mwaka 1955 tumbo lilianza kumvimba. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudiwa. Alikonda mpaka mkanda wa suruali ukafungwa kwa kamba, na bado alijikokota kwenda bandani. Mauwa akimgombeza, anajibu kwa upole, "Nakwenda kukaa tu." Hakuwa anakwenda kukaa tu.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, hali ilibadilika. Bwana Mwishehe alileta pikapu. Tukamlaza kwenye godoro, kichwa chake mapajani mwa Mauwa, mie miguuni. Alikuwa hajalala siku kadhaa kwa maumivu. Alimwambia mkewe, "Nikisinzia uniamshe, Mama Avelina, nina maneno." Tukaondoka. Barabara mnaijua ilivyo sasa na masika haya. Pikapu ilizama ikainuka, ikazama ikainuka, kama mtu anayepumua. Kaka alifumba macho. Uso wake ukalegea, akaacha kuguna. Mauwa akataka kumwamsha, nami nikamwambia, "Mwache alale, wifi, amechoka sana." Akamwacha. Alimpepea kwa ncha ya khanga njia nzima.

Tulipofika uwanja wa hospitali, mhudumu alimgusa, akatutazama. Mkono wa kaka ulikuwa umekwisha poa.

Aliyepiga chapa karatasi mlizo nazo aliniuliza: alifia wapi? Mauwa ndiye aliyemjibu: "Andika njiani. Sijui kama ni Tegeta au wapi. Gari lingemrusha hata mara moja angefumbua macho, tungeagana." Bwana Mwishehe alikuwepo, akajifunika uso kwa kofia yake akalia. "Nilikwepa mashimo yote niliyoweza, Mama Avelina. Nilikuwa nakwenda taratibu. Nisamehe." Mauwa akasema, "Huna kosa, baba. Hata yeye hana."

Kwa hiyo nawaomba, mkimpa wifi mkono leo, msimwambie kwamba alikufa vizuri, bila maumivu. Analijua hilo kuliko sisi sote. Ndilo linalomliza.

Marehemu ameacha mama yetu, bibi wa Ndanda. Mjane wake Mauwa. Watoto wake Avelina na Albano. Mie mdogo wake. Na Bwana Mwishehe, ambaye ukoo umekubaliana aandikwe pamoja nasi. Aliyemtangulia ni mwanawe ambaye hakupata jina, na kaburi lake ni hilo dogo mnalolikanyaga pembeni. Sogeeni kidogo, jamani.

Mungu uliyemuumba Kasimiri, mpokee kwa amani, mpe pumziko alilowatafutia wengine.

Kabla udongo haujarudishwa, wifi ameomba alisogelee jeneza amuage mumewe. Hakupata nafasi. Tumpishe.