Bambaloni za Bi Rafika

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2024, Bi Rafika Chaabouni anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba chetu cha kompyuta, hapa hospitalini Sfax.

Waliofundishwa naye wanajua alivyokuwa mkali kwa alama za kunukuu. Maneno yaliyofungwa kwa alama moja, mashine huyaacha yalivyo. Ya alama mbili huyachungulia ndani na kuweka jina la mtu panapostahili. Mwaka 1998 barua mia mbili ziliwafikia wagonjwa zikiwa zimeandikwa "Mpendwa $jina". Aliyekosea ni yeye mwenyewe: aliweka alama moja badala ya mbili. Kesho yake alileta bambaloni za moto, yale maandazi ya duara yenye tundu katikati, maana sheria ya chumba ndiyo hiyo: mwenye kosa anawalisha wenzake.

Sheria hiyo ndiyo iliyonifanya mimi, Wajdi Kammoun, niombe kuandika wasifu huu. Mwaka 2012 nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, na mkuu wetu, Bwana Fakher, alishanionya: kosa moja tena, nirudi kwetu Mahrès. Jumatatu asubuhi mashine za kusafisha damu zikakataa kuanza, na wagonjwa kumi na mmoja wameshakunja mikono ya mashati. Programu ilidai toleo la 1.9 au jipya zaidi. Tulikuwa na 1.10, inayofuata baada ya 1.9, lakini iliandikwa kama namba ya kawaida, mashine ikaisoma 1.1 na kuiona kuukuu. Mstari ule niliuandika mimi.

Bi Rafika aliketi, akaweka herufi v mbele ya kila namba ili mashine isome kipande kwa kipande: moja, kisha kumi.

"Toleo si bei ya nyanya, mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nenda kanawe uso."

Baada ya dakika ishirini damu za watu zilikuwa zinasafishwa.

Kesho yake trei ya bambaloni aliileta yeye.

"Uzee huo, Bi Rafika," Bwana Fakher alimtania.

"Ndiyo, siku hizi hata nukta sizioni," akajibu, akanipa mbili.

Nilizila zote mbili bila kukiri kosa langu. Mwezi uliofuata nikaajiriwa, na hajawahi kunikumbusha jambo lile hata kwa jicho. Nampenda kama mama yangu, na sikuwahi kumwambia.

Ahsante, Bi Rafika. Nenda ukapumzike kwa afya na furaha, na wajukuu wakuchoshe kidogo tu. Bambaloni zilizoko mezani leo ni zangu. Zimechelewa miaka kumi na miwili, lakini bado za moto.