Kiti ni Kimoja: Mama Pascasie Nyiramahirwe Anakabidhi Ufunguo wa Trekta

Tarehe 31 Julai 2023, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi usiokatika, Mama Pascasie Nyiramahirwe, dereva mkuu na msimamizi wa garaji yetu ya Murara, anastaafu rasmi kutoka ushirika wetu wa wakulima wa vilima. Kwa niaba ya kamati ya utendaji, idara ya agronomia na wafanyakazi wote wa Goma na Kirotshe, jarida hili lina heshima ya kuisimulia safari yake ya kikazi, kwa kadiri kurasa zake zinavyoruhusu.

Anatuachia fahari moja ambayo mashirika mengi yenye mashine kubwa kuliko yetu hayawezi kuitaja. Tangu trekta yetu ndogo ilipopanda kilima chake cha kwanza, hakuna mtu aliyepoteza uhai chini yake, wala mguu, wala kidole. Mama Pascasie hakuwahi kujisifu kwa hilo, lakini alililinda kama mtu anavyolinda moto wa jikoni wakati wa mvua. Na kadiri siku ya kustaafu ilivyokaribia, jambo moja tu lilimnyima raha: je, fahari hiyo itadumu mikononi mwa mwingine? Ndiyo sababu, hadi wiki iliyopita, alikataa katakata kukabidhi ufunguo.

Aliingia kazini Agosti 1994. Goma ilikuwa imefurika wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, moshi wa kuni umetanda juu ya barabara, na ushirika ulihitaji mikono ya kuchagua mbegu za maharagwe. Binti huyo wa Rutshuru alichagua mbegu. Vita vya 1996 vikaja, vya 1998 vikafuata, na mazutu, yaani dizeli, ikawa inapatikana kwa bidoni tu, yale madumu ya plastiki, imechanganyika na maji na vumbi. Hapo akapewa ghala la mafuta. Aliacha kila bidoni itulie hadi maji yashuke chini, akachuja mazutu kwa kitambaa safi, na ile ya mwisho, yenye matope, hakuimimina popote penye injini. Jenereta za majirani zilikufa moja baada ya nyingine. Ya kwetu iliendelea kunguruma.

Kwa hiyo trekta ilipofika mwaka 2000, imefungwa kwa kamba juu ya lori kutoka Kampala, uongozi haukusita. Papa Habarurema aliteuliwa kuwa dereva wa kwanza, na Mama Pascasie akawa msaidizi wake na mtunzaji wa mashine. Ilikuwa trekta nyekundu, ndogo, yenye magurudumu manne yanayosukuma pamoja, nyembamba kiasi cha kupita kati ya migomba. Wafanyakazi wakaanza kuiita Kadogo. Mama Pascasie alilikataa jina hilo siku ileile. Katika miaka hiyo kila mtu Kivu alijua kadogo ni nani: mtoto aliyevalishwa sare na kubebeshwa bunduki. "Jina ile imekula batoto ya batu," alisema. "Mutafute ingine." Ndipo ikaitwa Kapunda, na Kapunda ndivyo inavyoitwa hadi leo.

Kabla ya kulima shamba lolote, Mama Pascasie alilitembea kwa miguu. Alisimika vijiti vyenye vipande vya kitambaa chekundu cha kikwembe: chini ya vijiti trekta italima, juu yake, penye mwinuko mkali, ni kazi ya jembe la mkono. Mkulima mmoja wa Kirotshe, ambaye kwa staha hatutamtaja, alivisogeza vijiti juu kidogo ili sehemu yake ya mteremko nayo ionje trekta. Mama Pascasie, ambaye hulitembea shamba mara ya pili kabla ya kuwasha injini, aliviona mara moja. Alivirudisha mahali pake bila kugombana na mtu, akamaliza kulima sehemu ya chini, akazima Kapunda, kisha akachukua jembe na kumsaidia bwana huyo kulima sehemu iliyobaki hadi jua lilipozama. Tangu siku hiyo vijiti vya Mama Pascasie havijaguswa.

Mavazi yake nayo yalizua maneno. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika ushirika kufika kazini na kombinezo, yaani ovaroli ya fundi, na baadhi ya mama za parokia walimwambia kwamba mke wa mtu hatembei na suruali mbele ya wakwe. Aliwaalika garajini, akawaonyesha mhimili unaozungusha mashine ya kupukuchua mahindi nyuma ya trekta, akaurushia kamba ya katani. Kamba ilimezwa kabla hawajapepesa macho. "Chuma yenye inazunguka haijue heshima ya kikwembe," aliwaambia. Mwaka uliofuata, watatu kati yao walikuja kuomba kombinezo.

Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, na lava ikapita katikati ya mji wetu. Kapunda ilikuwa Kirotshe, ikanusurika. Garaji ya Murara ilibaki imesimama kuta zake, lakini lava ilikuwa imeingia na kuganda, na sakafu ikapanda karibu kufika kiunoni. Tulifanya kama Goma nzima ilivyofanya: tulisawazisha makoro, mawe hayo ya lava, tukaweka sakafu mpya juu yake, tukarudi kazini. Mlango, hata hivyo, haukupanda pamoja na sakafu. Ulibaki pale ulipokuwa, umekuwa mfupi, na trekta haikuweza tena kuingia ikiwa upinde wake wa usalama umesimama. Upinde huo ni kile chuma kirefu kinachosimama nyuma ya kiti ili, trekta ikipinduka, dereva aliyefunga mkanda asipondwe.

Ikawa desturi: jioni upinde unalazwa ili trekta ilale ndani, asubuhi unasimamishwa. Na kama ilivyo kwa desturi zinazofanywa kwa haraka, asubuhi zikaanza kusahauliwa. Kapunda ilipanda vilima upinde umelala. Papa Habarurema, aliyechoshwa na chuma kilichonasa pia majani ya migomba, alipendekeza kikatwe kabisa, na kamati ya wakati huo ikakubali. Fundi wa kuchomelea aliitwa kutoka Mabanga.

Mama Pascasie alisimama mbele ya trekta. Wote waliokuwapo wanayakumbuka maneno yake: "Mukikata ile chuma, mukate na jina langu mu kazi. Mimi sitakuja kusema pole kwa bibi ya mutu kwa sababu ya mulango mufupi."

Alipewa hadi mwisho wa mwezi kutafuta suluhisho lingine. Jumamosi iliyofuata, siku ya salongo, wenzake wakifyeka majani ya uwanja kama kawaida ya kazi ya pamoja, yeye alichukua nyundo nzito na patasi, akaanza kuchimba lava chini ya mlango. Waliojaribu kuchimba lava wanajua ni kazi ya namna gani. Papa Habarurema alipita, akasimama, akatikisa kichwa.

"Mama Pascasie, unatafuta volkano kwa chini?"

"Natafuta fasi ya kupitisha kichwa yako, Papa Habarurema."

Papa Habarurema alicheka, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alirudi na nyundo yake mwenyewe. Kabla ya mwezi kwisha, wafanyakazi wote walikuwa wakipokezana, na mtaro wenye mteremko mpole ulikuwa umepatikana, ule ambao wageni wetu hujikwaa ndani yake wakiingia garajini bila kujua umetoka wapi. Kapunda ikaingia, upinde wake umesimama. Haukulazwa tena.

Oktoba 2008 vita vilishuka kutoka Rutshuru, na maelfu ya familia zikajaa pembezoni mwa mji. Ushirika ulijitwika jukumu la kulima mashamba ya Kirotshe haraka, ili sehemu ya mavuno iwafikie wahamaji hao. Papa Habarurema alikuwa usukanini alipogeuza trekta kwenye ukingo wa mteremko, na gurudumu la chini likazama katika shimo lililofichwa na majani. Kapunda ilipinduka. Upinde ulipiga ardhi, ukapinda, ukashikilia. Waliokimbilia pale walimkuta Papa Habarurema ananing'inia ndani ya mkanda wake, mzima, akiuliza kofia yake imeenda wapi. Alipofunguliwa alikaa kwenye majani kwa muda mrefu akiutazama upinde. Jioni alimletea Mama Pascasie kuku, akamkabidhi bila hotuba, na Mama Pascasie akampokea bila hotuba.

Jambo gumu zaidi lilifuata. Fundi wa Mabanga alikuwa tayari kuupasha moto upinde na kuunyoosha, na kazi ingeendelea keshoye. Mama Pascasie alikataa. Chuma kilichokwisha kupinda, alieleza, kimetumia nguvu yake yote, na kukinyoosha ni kumdanganya dereva atakayekiamini. Upinde mpya uliagizwa Kampala, lakini barabara zilikuwa za vita, na ukachelewa. Hatutaficha kwamba uamuzi huo ulikuwa na gharama: sehemu ya shamba ilichelewa kupandwa, na mavuno yalipungua wakati watu walikuwa na njaa. Wapo waliomlaumu waziwazi kikaoni. Alikubali lawama akiwa ameketi, kisha kila asubuhi akapanda kilima na jembe la mkono, Papa Habarurema upande wake, wakilima palepale ambapo trekta ingelima. Upinde uliopinda unaning'inia juu ya mlango wa garaji hadi sasa.

Papa Habarurema alipostaafu mwaka 2010, Mama Pascasie akawa dereva mkuu, na kanuni yake ikajulikana kutoka Sake hadi Minova: kwenye trekta kiti ni kimoja. Hakuna anayekaa juu ya kifuniko cha gurudumu, hakuna anayening'inia nyuma, awe mtoto, awe mwenyekiti. Mwaka 2012, katika mtafaruku wa mwezi Novemba, wanaume wenye silaha walimsimamisha kwenye mteremko na kutaka kupanda. Alizima injini, akavuta breki, akashuka, akawanyooshea ufunguo.

"Kiti ni kimoja, batoto yangu. Mwenye anataka kupanda aendeshe yeye. Mimi nitawafuata na miguu."

Waliutazama mteremko. Wakautazama tena. Kisha mmoja wao akauliza, kwa adabu, njia ya mkato ya waendao kwa miguu iko wapi.

Madereva aliowafundisha wanaweza kuyakariri mafunzo yake hata usingizini, nasi tunayachapisha hapa kwa fahari. Kabla ya kuingia barabarani, pedali mbili za breki ziunganishwe, la sivyo gurudumu moja litafunga na jingine litakimbia. Kabla ya kuteremka, chagua vitesi ya chini, yaani gia ndogo, ungali juu, wala usikanyage ambreyaji, yaani klachi, katikati ya mteremko. Ukibeba viazi, mzigo uwe chini na karibu, na uzito wa mbele usisahaulike, kwa sababu trekta inayoinua pua imeshaanza kupinduka. Upepo wa magurudumu upimwe asubuhi, kabla ya jua. Na injini haiguswi mpaka inyamaze kabisa.

Aliyemrithi ni Bi Thérèse Nshobole, ambaye amefanya kazi naye kwa miaka minane na ana ustadi usio na shaka. Hata hivyo Mama Pascasie hakutoa ufunguo. Kila kamati ilipomuuliza alijibu kwamba mikono ya Thérèse anaijua, bado anatafuta kujua mdomo wake. Ilikuwa vigumu kuelewa alimaanisha nini.

Tulielewa Alhamisi iliyopita. Walikuwa wamemaliza kulima shamba la juu kabisa la Kirotshe, na huo ulikuwa mteremko wa mwisho wa utumishi wake. Thérèse alikuwa usukanini. Mvua ilikuwa inakuja, ziwa kule chini limegeuka rangi, na magoti ya Mama Pascasie, ambayo yanamsumbua tangu mwaka jana, yalikuwa yamevimba. Mbele ya wakulima wote alishika kifuniko cha gurudumu na kuinua mguu.

"Thérèse, mutoto wangu, magoti imekataa. Acha nikae apa kwa pembeni mpaka ku barabara. Ni leo tu."

Nani angemnyima mama huyo, siku hiyo, kwenye trekta ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka hai? Thérèse alizima injini. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti yake ilisikika hadi kwa watu wa mwisho.

"Unisamehe, mama. Kiti ni kimoja. Nitakukatia fimbo."

Alimkatia fimbo ya mkaratusi. Mama Pascasie aliteremka kilima chote kwa miguu, polepole, mvua ikimpiga, na Kapunda ikimfuata kwa mbali katika vitesi ya kwanza. Alipofika barabarani alikaa juu ya jiwe hadi Thérèse alipofika na kuzima injini. Akamwomba ufunguo, akaupangusa matope kwa ncha ya kikwembe, akaurudisha katika kiganja cha Thérèse na kukifunga kwa mikono yake miwili.

Baadaye wapo waliomuuliza kama lilikuwa jaribio. Alisema magoti yalikuwa yanauma kweli.

Mama Pascasie, ushirika huu unakushukuru kwa watu wote waliorudi nyumbani kwao jioni, wazima, bila kujua kwamba walikuwa na sababu ya kukushukuru. Barabara ya Rutshuru bado imefungwa na vita, na tunajua ni kilima kipi unachokitazama ukiamka. Tunakuombea magoti mepesi, wajukuu wenye kelele, na siku ambayo barabara hiyo itafunguka ukakilime tena kilima cha kwenu. Siku hiyo Kapunda itakuja. Wewe utakaa pale kitini, na sisi sote tutatembea.

Prodige Sibomana
Mhandisi wa agronomia, kwa niaba ya wafanyakazi