Kifungu Kilichookoa Wodi

Benchi la kahawa la hawa watatu liko ng'ambo ya barabara, mkabala na wodi mpya ya wazazi, wodi ambayo wawili wao waliijenga kwa mikono yao. Zege ndiye aliyemwaga msingi. Cheche, mama wa watu, alichomelea madirisha yote. Wakili, kwa jina la utani tu, hakujenga kitu wala hakusomea sheria. Alilinda geti la mahakama, basi. Leo kahawa ya Cheche imepoa kikombeni: binti yake yuko ndani na uchungu tangu alfajiri. Mtoto wa kwanza wa binti huyo walimpoteza njiani kwenda hospitali ya mbali, wodi hii ikiwa bado shimo.

— Tulia, dada, — Zege alisema. — Ule ukuta naujua mimi.

— Mwanangu hazalishwi na ukuta!

— Tuwashukuru wasuluhishi, — Wakili akaanza. — Mwenye jengo na mkandarasi waligombania ule mwamba uliokutwa chini ya msingi: hasara abebe nani? Kila mmoja akachagua msuluhishi wake, hao wawili wakamchagua wa tatu, wakaenda kukaa nchi ya watu.

— Mbali kote huko? — Cheche akauliza.

— Ili asiwepo shemeji wa mtu.

— Wapi! — Zege akadakia. — Ni kwa ajili ya baridi ya huko. Unafika umefura, hasira inaganda. Wanawavua wagomvi makoti, atakayetetemeka kwanza, kashindwa.

— Mwamba wenyewe unawekwa mezani, unaulizwa ulikuwepo tangu lini, — Wakili akaongeza.

— Unajibu nini?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Cheche akacheka bila kupenda.

— Na wameshaamua?

— Bado.

— Sasa niwashukuru kwa lipi? Wodi imekwisha, wao bado wanasafisha koo!

— Kishukuru kifungu, dada, — Wakili akasema. — Mkataba uliandika: gombaneni mtakavyo, kazi isisimame. Ndiyo maana hamkufungiwa geti la ujenzi. Wapiganapo tembo, nyasi hunenepa.

Mara mlango wa wodi ukafunguka. Mkwewe Cheche akavuka barabara mbio, kiatu kimoja mguuni.

— Mama! Wa kike! Wote wazima!

Cheche alilia, akacheka, akamkumbatia, ukwe ukasahaulika. Alipopata pumzi, mkwe akasimuliwa habari ya kifungu: bila hicho, leo wangekuwa njiani tena.

— Nani alikiandika? — mkwe akauliza. — Tunatafuta jina la mtoto.

Zege akamtazama Wakili. Wakili, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwe benchi, akakiri hajui.

— Popote alipo, ahsante yake, — alisema Cheche, tayari yuko katikati ya barabara, mbio kwa mjukuu.