Jina Asiloweza Kulitaja Natalia

Sogeeni, Emanuel na Sylvester wanangu, na wewe Natalia, mke wa Emanuel, usikae mlangoni kama mgeni, maana pumzi yangu ni fupi. Ng'ombe nimekwisha kuwagawa, na shamba mnaujua mpaka wake. Imebaki kompyuta ya chama cha wafugaji, inayotunza siri ya nani amemkabidhi nani mifugo yake, na ambayo ninyi ndugu wawili mnaigombea kama fahali.

Sikilizeni taratibu. Mashine haitunzi neno la siri lenyewe. Hulisaga, ikatunza unga. Mwizi naye husaga majina yote anayoyajua, akalinganisha unga na unga, na kinu kikiwa chepesi humaliza upesi. Ndiyo maana Natalia alibadilisha mipangilio, akaweka kinu kizito, kisha akawaambia wanachama: kinu kipya hakigusi unga wa zamani, kila mtu aweke neno lake upya. Wote wakatii. Mimi niliyewafundisha mashine hiyo, ambaye neno langu ndilo linalofungua kila kitu, nikamcheka: "Mkwe, la kwangu liache. Halina wa kulitamka."

Lilikuwa jina langu. Kwa kuwa kwetu mke hataji jina la baba mkwe, nilidhani heshima ni kufuli.

Juzi alifungua faili la maneno yaliyosagwa, akaona mistari yote imeanza na $y$, wangu peke yake $1$, alama ya kinu cha zamani. Akaujaribu kwa programu ya kubahatisha. Chai yangu haijapoa, ikalipata neno langu. Akageukia ukuta, akasema, "Baba, limeonekana. Mimi siwezi kulisema."

Hapo ndipo aibu iliponishika, na haijaniachia. Aliyenifichua ndiye aliyenistiri, na programu ile haina mkwe wa kumheshimu. Mficha uchi hazai, wanangu, nami sitaki kufa nimeficha.

Kompyuta ni ya Natalia. Emanuel, usimsimamie mkeo. Sylvester, ubishi wako upeleke kwenye kubeba betri ya sola.

Mleteeni mashine hapa. Natalia, mama, andika passwd, amri ya kubadili neno la siri, halafu mahali pa jina langu weka neno ambalo kinywa chako kinaruhusiwa kulitamka. Mungu awape maziwa na amani. Ng'ombe watokao asubuhi warudi wote jioni. Nishikeni mkono... Umeandika, mama?

Vizuri. Usiniambie.